Mashua za Jumapili

Kila siku asubuhi, kabla jua halijatokeza juu ya milima ya Mbizi, mimi na mjukuu wangu Evodia tulishuka bondeni. Mimi nilitangulia na jembe begani. Yeye alifuata na ndoo yake ndogo, amejifunga kanga yangu kuukuu kichwani mpaka masikioni, maana mwezi wa saba baridi ya Ufipa si ya mchezo. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi, ukilia chini ya miguu yetu kama mtu anayetafuna bisi. Bondeni ukungu ulijaa kama maziwa kwenye bakuli, nasi tuliingia ndani yake taratibu, tukapotea humo.

Huko chini ndiko zilikokuwa bustani zetu, kumi na mbili kwa hesabu, za kabichi, vitunguu na figiri. Mfereji mmoja ulizinywesha zote. Ulianzia juu kwenye banio, yaani pale tulipoukinga mto kwa mawe na udongo ili maji yageuke, yaingie mferejini kwa mlango tuliouziba na kuuzibua kwa mawe. Kila bustani ilikuwa na mdomo wake, na kila mdomo ulizibwa kwa bonge la udongo lenye nyasi. Zamu yako ikifika unalitoa bonge, maji yanaingia kwako. Zamu ikiisha, unalirudisha.

Mgawa maji nilikuwa mimi. Kando ya banio nilisimika kijiti, nikapanga mawe chini, na kivuli cha kijiti kilipotoka jiwe moja kwenda jingine, zamu ya mtu ilikwisha. Jumamosi jioni nilifunga banio, maji yote yakarudi mtoni. Jumapili mfereji ulipumzika. Hakuna aliyeugusa, awe mwenye kabichi zinazonyauka au mwenye haraka gani. Mto nao, tulisema, uachiwe siku moja yake.

Evodia alikuwa na miaka kumi na moja, na maswali mengi kuliko miaka.

"Bibi, haya maji yakitoka kwetu yanakwenda wapi?" aliniuliza asubuhi moja, akitazama jani likipita mferejini.

"Yanarudi mtoni."

"Na mto?"

"Mto unateremka, unateremka, mpaka bonde la Rukwa. Unapita karibu na Muze, kisha unaingia ziwani."

"Muze kwa mama?"

"Hapo hapo."

"Na ziwa linakwenda wapi?"

"Haliendi. Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea. Kilichoingia kimefika."

Alilifuata jani lile kwa macho hadi ukungu ulipolimeza. Mama yake, yaani binti yangu, alikuwa ameshuka Muze tangu mwaka uliotangulia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu akijaribu biashara, naye alikuwa akinunua mpunga kule chini na kuupandisha mjini kwa malori. Alikuja nyumbani kila alipopata lori. Wakati mwingine lori lilikawia.

Mashua za karatasi nilimfundisha mimi. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini mkunjo wa mashua sikuusahau: kunja kati, leta pembe mbili juu, pandisha pindo, fungua tumbo, vuta masikio. Evodia aliushika mara moja. Baada ya hapo hakuna karatasi iliyopona nyumbani. Zamani kidogo tu, hata karatasi ya kufungia chumvi tuliinyoosha na kuiweka. Sasa maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa biskuti, mitumba na magazeti mapya ya kila namna. Evodia aliokota zote, akajaribu moja moja kama fundi. Gazeti lilikunywa maji na kulegea kabla ya kona ya kwanza. Mfuko wa saruji ulikuwa mgumu lakini mzito. Jalada la daftari lililoisha, likipakwa mshumaa nje na ndani, ndilo lililoelea kama bata.

Mshumaa wenyewe aliupata kwa rafiki yake, Mboje. Mboje alikuwa binti wa Ndalahwa, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake miaka mitatu nyuma. Walikaa dawati moja shuleni. Mboje alikuwa na kipande cha mshumaa kirefu kama kidole, akikitunza kwenye kikopo, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila Evodia.

Ubavuni mwa kila mashua Evodia aliandika kwa kalamu ya bluu: EVODIA. MUZE. Alitaka mama yake akiiokota ajue imetoka kwa nani. Mimi nilijua karatasi haifiki Muze. Sikumwambia. Mtoto akiwa na ndoto ya namna hiyo unamwachia kidogo.

Jumamosi watoto walishindanisha mashua katika zamu ya mwisho. Zilianzia penye jiwe jeupe, zikapita kona iliyo juu ya bustani ya Coleta, zikamalizia pale mfereji unapomwaga mtoni. Jumamosi moja alikuwepo Ambwene, mtoto wa bwana shamba aliyetoka Mbeya. Waliishi mjini, lakini baba yake alikuwa na bustani kwetu, ya mwisho kabisa. Ambwene alikuja na mashua aliyoikunja kwa karatasi ya kalenda, nene, inayong'aa, na picha ya ndege juu yake.

"Mambo?" alimwambia Evodia. "Hiyo mashua yako au kobe?"

"Subiri uone."

"Nitasubiri mwisho wa mfereji. Wewe utanikuta nimeshalala."

Kweli mashua ya kalenda ilipita kona kama imetumwa. Ya Evodia ilisuasua. Maji yalikuwa machache siku ile, ikakwama kwenye tope, ikainamisha pua.

"Pole, mshikaji!" Ambwene alicheka. "Muze utafika Krismasi."

Mboje alijibu kwa niaba ya rafiki yake. "Na wewe ndege yako ianguke!"

"Kesho baada ya misa nakuja tena na baba," alisema Ambwene. "Mkitaka kulia tena, njooni."

"Kesho mfereji hauna maji," alisema Evodia.

"Basi mnaogopa."

Evodia hakulala vizuri usiku huo. Alinieleza baadaye kwamba kila alipofumba macho aliona maji mengi, mfereji umejaa hadi ukingoni, na mashua yake katikati, haishikwi na tope wala jani, inateremka tu, milima hii na hii, mpaka mahali penye joto ambapo mama yake amesimama na kanga ya kijani akiinama kuiokota. Ndoto nzuri. Asubuhi aliamka nayo kichwani, akaenda nayo kanisani, akatoka nayo.

Baada ya misa mimi nilibaki mjini kumjulia hali mgonjwa. Mboje alikuwa machungani na baba yake. Evodia alishuka bondeni peke yake, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa kwetu halifanyi: alifungua banio siku ya Jumapili.

Aliyatoa mawe moja moja, akayapanga pembeni vizuri ili ayarudishe. Maji yakaingia mferejini. Bado yalikuwa machache kwa ndoto yake. Basi akachukua mabonge ya udongo, akauziba mfereji wenyewe pale konani, juu ya bustani ya Coleta. Maji yakaanza kujaa nyuma ya mabonge, yakatulia, yakapanda, yakawa bwawa dogo la kung'aa lenye mawingu ndani yake.

Ambwene alipofika alishangaa. "Leo maji yametoka wapi?"

"Yamekuja yenyewe."

Neno hilo lilimtoka jepesi. Ndivyo linavyotoka neno la kwanza la uongo.

Waliweka mashua zao. Evodia aliingiza mguu, akapiga teke mabonge. Maji yalipasuka kwa kishindo! Mashua ziliruka, zikayumba, zikageuka mgongo na kugeuka tena. Ndege ya Ambwene iligonga ukingo, ikapasuka tumbo. Ya Evodia ilipita kona, ikapita bustani ya pili, ya tatu, naye akikimbia kando yake akipiga kelele, "Muze! Muze!" hadi ilipodondoka mtoni na kuchukuliwa. Alisimama pale ikipungua, ikawa nyeupe ndogo, ikawa kama ua, ikawa hakuna.

"Ee bwana," alisema Ambwene, akihema. "Hiyo poa. Umenishinda."

Baba yake akamwita kutoka barabarani, wakapanda baiskeli, wakaenda. Evodia alikuwa na mashua nyingine mbili. Akazitia majini, moja baada ya nyingine, akaziangalia. Ile ya mwisho ilimponyoka konani, ikazama upande wa nyasi asiione. Jua likawa limeinama. Akakumbuka kuni hajaokota, akapanda mlima mbio. Furaha ilikuwa imemjaa hata kichwani hakubaki nafasi ya banio.

Maji nayo hayakumsubiri akumbuke. Yaliendelea kuingia usiku kucha. Mabonge yale yaliyovunjika yalikuwa yamekwama konani pamoja na majani, yakauziba mfereji tena, na alfajiri ukingo ukabomoka. Maji yakashuka moja kwa moja kwenye kitalu cha Coleta.

Jumatatu tulipofika, Coleta alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Coleta ni jirani yangu, anaishi na watoto wake wanne. Miche yake ya vitunguu alikuwa ameifunika kwa nyasi kila jioni ili baridi isiiunguze, na kuifunua kila asubuhi, wiki sita mfululizo. Sasa hapakuwa na kitalu. Palikuwa na shimo jekundu, na miche michache imelala kama nywele zilizonyolewa.

"Mbegu yenyewe niliitoa mjini," alisema bila kuinua uso. "Duka la ushirika limefungwa. Muuzaji niliyempata alikuwa na pakiti moja tu."

Watu wakakusanyika. Chini ya kona palijaa alama za kwato, kwa sababu kivuko cha ng'ombe kipo hapo chini, na Ndalahwa alikuwa amewanywesha wanyama wake jioni.

"Ng'ombe hawa!" alisema mmoja.

"Nilisema tangu mwanzo," alidakia mwingine. "Wamebomoa banio, wamebomoa ukingo."

Mimi nilipanda hadi kwenye banio. Lilikuwa wazi, na mawe yake yalikuwa yamepangwa pembeni, makubwa chini, madogo juu. Sijawahi kuona ng'ombe anayepanga mawe. Nikarudi konani, nikainama kwenye nyasi kama mtu anayetafuta kiatu, nikaona kitu cheupe kimenasa topeni. Nilikitoa, nikakifuta kwa kidole. EVODIA. MUZE.

Nilikikunja, nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu. Niligeuka nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa amesimama na ndoo yake, anaangalia kile kitalu.

Kornel, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja akaona. Kornel ni mtu wa pole pole, hutafuna neno kabla hajalitoa. Alisema, "Kesho asubuhi, kabla ya kengele ya shule, tukutane hapa hapa. Ndalahwa aitwe."

Siku ile shuleni, Evodia aliniambia baadaye, Mboje hakucheka hata mara moja. Walipotoka alimpa kile kikopo.

"Chukua mshumaa."

"Wa nini? Wako huo."

"Baba anasema tukinyimwa kivuko ng'ombe hawana pa kunywa. Tutashuka Ilemba, kule chini bonde la Rukwa. Kule hakuna mfereji wa mashua." Mboje aliangalia vidole vyake. "Lakini Bibi yako atasema kweli, si ndiyo? Yeye ndiye mgawa maji. Ng'ombe wetu hawakupita juu ya ukingo, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yao na fimbo."

"Ndiyo," alisema Evodia. Akakitia kikopo kwenye mkoba wake.

Jioni nilipika ugali wa ulezi na maharage, chakula anachokipenda. Alimega tonge moja akalizungusha mkononi hadi likapoa.

"Una jambo, mjukuu wangu?"

"Sina, Bibi."

"Haya."

Nikachochea moto. Kile kipande cha karatasi kilikuwa kwenye pindo langu, kinanigusa kiunoni kila nilipoinama. Ningeweza kukitoa. Nilitaka ukweli utoke kwake. Nilijiambia, usiku huu kidogo tu, asubuhi atakuwa amesema. Ila nakiri, wakati mimi nasubiri, kwa Ndalahwa walikuwa wanafunga mizigo.

Kulipopambazuka tulisimama konani, watu kama ishirini, na majembe yetu na pumzi zetu zikitoka kama moshi. Ndalahwa alikuja na mkewe na Mboje. Ni mtu mrefu, mwenye koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu vya bandia. Aliwasalimu wote, mimi akanishika mkono. Huniita mayu, kwao ni kama kusema mama.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba."

Kornel alikohoa. "Ndalahwa, tumekaa nawe vizuri. Maziwa yako watoto wetu wamekunywa. Lakini ukingo umevunjika, kwato zipo, na mwenzetu amepoteza miche. Watu wanaomba kivuko kifungwe."

"Wanyama niliwapitisha mwenyewe," alisema Ndalahwa taratibu. "Chini, pale mliponionyesha. Juu hawakupanda. Hata hivyo mimi ni mgeni. Mkiona nitoke, nitatoka. Nawaomba tu wiki moja, mke wangu ana mtoto mchanga na njia ya kuteremka ni mbaya."

"Wiki moja!" mtu alisema nyuma. "Wabomoe na kwingine?"

Mboje alikuwa akinitazama mimi. Nilitia mkono kwenye pindo la kanga, nikaanza kulifungua, kwa maana muda wa kusubiri ulikuwa umekwisha.

Hapo nikasikia ndoo ikianguka.

"Si ng'ombe," alisema Evodia.

Sauti yake ilikuwa ndogo, hata waliokuwa mbali hawakusikia. Kornel akainama. "Unasemaje, mama?"

"Si ng'ombe. Ni mimi. Nilifungua banio Jumapili. Nilitaka maji mengi ya mashua, nikaziba hapa konani. Kisha nikasahau kufunga." Machozi yalikuwa yanamshuka lakini hakuyafuta. "Jana nilijua. Nilijua tangu nilipoona kitalu. Nikanyamaza."

Watu wakageuka kutazamana.

"Mtoto huyu anamkinga rafiki yake," alisema yule wa nyuma.

Ndipo nilipoifungua kanga, nikaitoa ile mashua iliyokunjamana, nikampa Kornel. Aliisoma kwa sauti. "Evodia. Muze." Akaniangalia. "Bibi, hii umeipata lini?"

"Jana asubuhi, kwenye tope hili hili."

"Na ukakaa nayo?"

"Nikakaa nayo. Nilitaka mjukuu wangu aseme kwa kinywa chake. Nia ilikuwa njema, lakini mtu mzima kama mimi nilijua mwenye kosa, nikaacha nyumba isiyo na kosa ilale na hofu." Nikamgeukia Ndalahwa. "Mwanangu, nisamehe. Mawe ya banio niliyaona. Nilipaswa kuja kwako jana ile ile."

Ndalahwa alitazama chini, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshusha mzigo. "Mayu, mke wangu ameshafunga hata vyungu. Hilo mtamweleza wenyewe."

Watu wakacheka, lakini si Evodia. Alikwenda mbele ya Coleta akapiga goti kwenye lile tope.

"Nisamehe, Mama Coleta. Nisamehe. Mashua sitatengeneza tena."

Coleta alijifuta tope mikononi. "Inuka," alisema. "Nina hasira, nisikudanganye. Wiki sita si mchezo. Ila mashua usiziache, hazijanikosea kitu. Nataka miche."

"Nitaitoa wapi?"

Kornel ndiye aliyejibu. "Kila bustani hapa ina miche inayozidi. Utachukua kikapu, utapita kwa kila mmoja, utaomba. Na kila nyumba utaeleza kwa nini unaomba. Usiseme umetumwa. Useme ulichofanya."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu, baada ya shule, Evodia alipita mlango kwa mlango na kikapu changu. Nyumba ya kwanza, alisema, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. "Hodi. Shikamoo. Nilifungua maji Jumapili, miche ya Mama Coleta ikasombwa. Naomba miche." Wengine walimgombeza. Mzee mmoja alimfanya arudie mara mbili kwa sababu hasikii vizuri. Nyumba ya tano sauti ilikuwa imenyooka, na nyumba ya nane walimpa miche pamoja na kiazi cha kuchoma. Kuanzia nyumba ya pili hakuwa peke yake. Mboje alimkuta njiani, akashika upande mmoja wa kikapu.

"Umenikasirikia?" Evodia alimwuliza.

"Sana," alisema Mboje. "Mpaka kesho kutwa. Nirudishie mshumaa wangu."

Ndalahwa alileta samadi, makapu mawili, akaimwaga kwenye kitalu kipya. Jumamosi asubuhi tuliujenga ukingo upya, watu wazima wakipiga udongo, watoto wakileta mabonge. Ambwene alikuja na baba yake. Alipoelezwa alijikuna kichwa.

"Kwa hiyo siku ile hukunishinda."

"Sikukushinda," alisema Evodia. "Maji hayakuja yenyewe. Niliyaleta."

"Basi turudie," alisema Ambwene, akachukua jembe.

Kivuli cha kijiti kilipofika jiwe la mwisho jioni ile, sikulifunga banio mara moja. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Kornel na wenye bustani. Niliongeza jiwe moja dogo, la kumi na tatu, kando ya mengine. Nikawaita watoto.

"Hili ni la mashua," niliwaambia. "Kila Jumamosi, zamu ya kila mtu ikiisha, kivuli kikitoka hapa mpaka hapa, maji ni yenu. Kikifika, mnafunga wenyewe, mimi nakuja kuangalia mawe."

Walishangilia hata bata wa mtoni wakaruka. Mashua zikatiwa majini, saba kwa jumla, za magazeti, za kalenda, za majalada ya daftari. Jua la jioni liliufanya mfereji wote kuwa wa shaba. Zilipita taratibu, maji yakiwa kiasi tu, zikigusana na kuachana kama watu wanaoamkiana njiani. Ya Ambwene ilitangulia. Ya Evodia ilikuwa ya pili, na ubavuni alikuwa ameongeza jina: EVODIA NA MBOJE. MUZE.

Coleta alikuja kusimama karibu yetu, mikono ikiwa na udongo. Alimvuta Evodia kwake.

"Unajua, mwanangu," alisema, "vitunguu nitapata tena. Vikichelewa, vimechelewa. Lakini kama mizigo ile ingekuwa imeteremka Ilemba, na huyu mwenzako angetoka shule kwa kosa lisilo lake, mimi na wewe tungepita kwa nani na kikapu tukaombe arudi? Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Ukilificha, wanabebeshwa wasiohusika."

"Ndiyo, Mama Coleta."

"Na wewe Bibi pia," alinigeukia, akitabasamu.

"Na mimi pia," nikasema.

Mashua zilifika mwisho wa mfereji, zikadondoka mtoni moja moja. Hakuna aliyekimbia. Tulisimama tu, tukiziangalia zikipungua kwenye kile kiza chepesi cha bondeni, zikawa nyeupe ndogo, zikawa kama maua. Kisha Evodia akageuka kutazama juu kwenye banio, ambako bado palikuwa na jua, akaona kivuli cha kijiti kimegusa jiwe.

"Zamu yetu imekwisha," alisema. Akapanda mbio hadi kwenye banio, Mboje nyuma yake, na nikasikia mawe yakirudishwa mahali pake, makubwa chini, madogo juu, mpaka maji yote yakaenda mtoni.